Madeni ya Rangi

Nyekundu ya kwanza niliiba.
Ilikuwa ya bibi, kule Mvumi,
udongo aliousaga usiku, akaulaza kwenye mafuta ya nyonyo
ili asubuhi ya ngoma ajipake mabegani.
Nilichovya vidole vitatu,
nikamchora ng'ombe ukutani mwa tembe,
miguu sita,
maana alikuwa anakimbia.

Mama alinichapa kwa mwiko wa ugali.
Halafu, mvua zilipokaribia,
akakanda udongo na mavi ya ng'ombe,
akaukandika ukuta wote toka pembeni mpaka mlangoni,
akamruka yule wangu.
Alimwachia nafasi ya kukimbilia.
Hakusema neno. Nami sikuuliza.

Majengo, nyuma ya soko, nilimkuta Fundi Mbeleje
juu ya ngazi ya miti, sigara imemzimikia mdomoni,
akiandika KINYOZI WA KISASA
kwa mkono uliotetemeka wakati wa kula tu.
Mwaka mzima nilimwoshea brashi kwa mafuta ya taa.
Mwaka mzima niliandika O:
O kwenye magazeti, O kwenye debe, O kwenye mlango wa choo,
mpaka akasema, "Hii sasa inaweza kubingirika."
Kazi yangu ya kwanza ilikuwa bucha la Lugwisha.
Niliandika NYMA SAFI.
Nilitaka ardhi inimeze. Fundi hakufuta.
Alichora A ndogo,
akaifunga mgongoni mwa Y kwa kitenge cha kijani.
Watu walikuja kucheka, wakaondoka na nusu kilo.

Kolo nilifika kwa lori lililokwenda kufuata alizeti.
Mlinzi wa mapango, Bwana Ijengo, alitangulia kupanda,
akisema, "Macho tu, mikono mfukoni."
Nikaiona.
Nyekundu ya bibi, juu ya jiwe,
imekaa pale kabla bibi hajawa na bibi.
Watu wembamba kama mashina ya mtama,
na mnyama mmoja mwenye miguu mitano,
au minne na ufa wa mwamba.
Nilicheka mpaka Ijengo akageuka.
Ningemwelezaje?
Kumbe si mimi wa kwanza kuishiwa na miguu.

Nikarudi mjini nimelewa.
Miezi minane nilichora watu wembamba,
wembamba, wembamba, wekundu,
na mwenye hoteli moja ya barabara ya Iringa akanunua wawili
wapate kutazamana na friji ya soda.
Nilimpelekea Fundi mmoja, zawadi.
Wakati huo mashine za mabango zilikwishaingia,
brashi zake zimekauka kwenye kopo kama miiba.
Aliitazama, akainusa.
"Hawa ni wa Kolo," alisema. "Wako wako wapi?"
Nilikasirika wiki tatu.
Wiki ya nne nilianza kutazama chini.

Mwezi wa tisa, Dodoma ina rangi ambayo haina jina dukani.
Si kahawia. Si kijivu.
Ni upepo uliobeba mashamba ya watu wengine,
unatua kwenye nguo zilizoanikwa,
kwenye zabibu kabla hazijaoshwa,
kwenye kope za mtoto aliyelala.
Niliitafuta kwa vumbi la uani na jivu la jiko,
kwa rangi ya mwisho ya Fundi, ile iliyoganda chini ya kopo,
nikaikwangua kwa kijiko.
Mara ikawa tope. Mara ikawa chai.
Siku moja ikawa yenyewe,
nikaogopa kuigusa.

Mama alikuja Jumamosi na kuku mmoja na viatu mkononi.
Nilikuwa nimemchora ng'ombe,
mkubwa kuliko mlango, katikati ya vumbi lile,
kila unyoya mahali pake, kivuli mahali pake.
Nilimpa mama kiti. Hakukaa.
Alisogea, akainua kidole, akahesabu
polepole, kama anayehesabu chenji.

"Minne," alisema.
Kisha, bila kunitazama:
"Yule wa nyumbani alikuwa anakwenda mahali."